Mwenye Baruti Ndiye Mwenye Bunduki

Bunduki ya zamani kuliko zote ninayoweza kuitaja hapa Karagwe, pamoja na jina la aliyeileta na la aliyepewa, haikukaa mlangoni kulinda mtu. Ilikaa hazinani. Henry Morton Stanley alipopita kwa Mukama Rumanyika mwanzoni mwa mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya mviringo ambamo mfalme alihifadhi vitu vyake vya thamani: bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu za ng'ombe wasio na vichwa, mikuki ya fahari. Katikati ya vitu hivyo, mahali pa heshima, ilikuwepo bunduki aliyoiacha John Hanning Speke, ambaye alikuwa amefika Novemba 1861 akiwa na mwenzake James Grant.

Wazungu waliosoma habari hiyo huenda walicheka, wakaona mfalme mshamba anayetundika bunduki pamoja na bata wa shaba. Mimi naona mtu aliyejua hesabu. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, Grant akabaki nyuma anauguza mguu, kisha naye akaenda zake. Nani angeleta risasi na fataki za bunduki ile baada ya hapo? Bunduki isiyo na chakula ni chuma kizuri tu, na mahali pa chuma kizuri, pale Bweranyange kwenye makao ya mfalme, palikuwa ni hazinani. Rumanyika alitoka kwenye ukoo wa wafalme uliothamini sana kazi ya wahunzi. Hakuhitaji mgeni amfundishe chuma ni nini.

Nimeishi na bunduki kwa sababu ya kazi. Nilikuwa askari wa wanyamapori, chini ya bwana nyama wa wilaya, katika mapori ya Ibanda na Rumanyika, wakati huo yakiwa mapori ya akiba. Mwaka 2019 yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu na kurudi kwenye migomba yangu. Nimebeba bunduki za serikali, nimenyang'anya za majangili, na tangu nistaafu haupiti mwezi kabla mtu hajaja kuniuliza anunue ipi ya kulinda nyumba. Swali hilo lina historia ndefu hapa kwetu kuliko muulizaji anavyodhani, na jibu lake tangu enzi za Rumanyika halijabadilika sana: kabla ya kutazama bunduki, mtazame aliyeshika baruti.

Enzi hizo aliyeshika baruti alikaa Kafuro. Kilikuwa kituo cha Waarabu na Waswahili waliopanda kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, wakifuata pembe za ndovu. Stanley mwaka ule wa 1876 alikaribishwa Kafuro na Hamed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa mwenyeji wa siku nyingi. Karagwe ilikuwa mlango wa Buganda, na mzigo wa bunduki na baruti uliokwenda kwa Kabaka ulipita kwetu. Wafanyabiashara hao hawakuwa watazamaji tu. Rumanyika alipogombea kiti na ndugu yake Rogero, Musa Mzuri, Mhindi tajiri wa Kazeh, alimtumia Kabaka Suna pembe za ndovu ili aingilie kati upande wa Rumanyika. Kwa hiyo mfalme huyu alijua tangu mwanzo kwamba nguvu ya mtutu inaanzia kwenye mkoba wa mwenye duka.

Mwananchi wa kawaida hakuwa na habari na mambo hayo. Nyumba yake ilikuwa msonge wa nyasi, na ulinzi wake ulikuwa ndani ya ujenzi wenyewe. Mlango wa msonge ni mfupi. Anayeingia huinama, na aliyeinama hana mkono wa kurusha kitu. Mwenye nyumba alilala na mkuki karibu na kitanda, mbwa akalala kwenye majivu ya moto, na boma la miti likazunguka ng'ombe kama wapo. Zaidi ya yote ilikuwepo enduru, yowe la kuitana wakati wa hatari. Ukisikia jirani amepiga enduru, unatoka, uwe unapenda au hupendi. Asiyetoka aliulizwa asubuhi alikuwa wapi, na swali hilo halikuwa la kirafiki. Bibi yangu alisema mwizi wa ng'ombe haogopi mkuki mmoja, anaogopa milima mitatu ikipokezana sauti. Anayeijua Karagwe usiku, na jinsi sauti inavyoruka bonde hadi bonde, ataelewa.

Bunduki zilikuja kwa wingi kwa njia ya Zanzibar. Mnamo 1888 balozi wa Uingereza pale Unguja alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa takataka za Ulaya: majeshi ya huko yalikuwa yamekwisha kubadilisha silaha, yakaacha zile za kujazia mdomoni na kuchukua za kujazia nyuma, na zile za zamani zikauzwa kwetu. Kisha Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa yakatia saini mkataba, na ndani yake yakaweka vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa zikapigwa marufuku katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa serikali na watu wachache wenye kibali. Zile za jiwe la kiberiti, zenye mtutu laini usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida, zikaachwa nje ya marufuku.

Miezi michache baadaye, Novemba 1890, Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Yaani dola lililokuja kututawala lilifika likiwa na bunduki za kujazia nyuma, na sheria mkononi inayosema sisi tubaki na za kujazia mdomoni. Anayeuliza kwa nini gobore limedumu Kagera zaidi ya karne moja baada ya Ulaya kulitupa, ajibiwe hivyo. Halikudumu kwa sababu babu zetu walilipenda. Lilidumu kwa sababu ndilo lililoruhusiwa, na baadaye kwa sababu ndilo ambalo mtu angeweza kulilisha mwenyewe bila kuomba duka lolote.

Magobore nimeyashika mengi, na ninakiri kwamba mengine yalinipa heshima kwa mafundi wake. Mtutu unatoka kwenye bomba la maji, au kwenye chuma cha usukani wa gari bovu. Kitako ni mti wa porini uliochongwa kwa panga na kusuguliwa mpaka unang'aa. Kichwani hakuna namba, hakuna jina la kiwanda, hakuna mwaka. Baruti imesagwa nyumbani, na badala ya risasi mwenyewe amejaza vipande vya nondo, misumari, wakati mwingine kokoto. Fundi mzuri, na wapo waliotoka katika koo za wahunzi, alitengeneza gobore lililopiga nguruwe pori hatua thelathini bila wasiwasi. Fundi mbaya alitengeneza bomu. Nimewaona wazee wasio na vidole viwili, na mmoja asiye na jicho, na wote wakakwambia kwamba siku hiyo baruti ilikuwa mpya.

Kama silaha ya kulinda nyumba, gobore ni bovu kupita maelezo. Linapiga mara moja. Baada ya hapo unahitaji dakika nzima na mwanga wa kutosha kulijaza tena, na mwizi hakupi vyote viwili. Mvua ikinyesha wiki mbili, kama inavyonyesha kwetu masika, baruti inavuta unyevu na ukifyatua unasikia mlio wa kinyonge wa fataki peke yake. Lakini lilikuwa na kazi yake halali, na hapo niwe mkweli kwa majirani zangu: nguruwe na nyani wakiingia shamba la mahindi na maharage, mkuki hautoshi. Waingereza walilijua hilo, wakawa wanaandikisha magobore na kutoa vibali. Mzee mwenye kibali cha gobore alikuwa mtu wa kuheshimika kijijini. Alikitunza kile kikaratasi ndani ya kopo la bati, kavu kuliko baruti yenyewe.

Mambo yaligeuka mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na yeye akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Kwa watu wa Murongo na Kaisho mto huo ni kitu cha kutazama asubuhi ukitoka kunawa uso. Vita viliisha 1979 kwa Amin kukimbia, lakini bunduki hazikimbii na mwenyewe. Huko Moroto, kaskazini mashariki ya Uganda, ghala la silaha la jeshi liliporwa na ng'ombe wa Karamoja wakaanza kuibwa kwa bunduki za kivita badala ya mikuki. Kwetu mafuriko ya bunduki yalikuja polepole zaidi. Oktoba 1, 1990, wapiganaji wa RPF, waasi wa Rwanda, waliingia nchini mwao kupitia Kagitumba, pale pale nchi tatu zinapokutana, ng'ambo ya mto kutoka Kyerwa. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka Kagera, makambi yakajengwa Chabalisa, Kagenyi, Rubwera, Omukariro. Wengi wao walikuwa watu wa kuonewa huruma, akina mama na watoto, na nisingependa mtu asome hapa kuwa wakimbizi ndio majambazi. Lakini jeshi la serikali ya Rwanda lililoshindwa lilivuka pamoja nao, na askari aliyeshindwa ana njaa na ana kitu cha kuuza.

Tangu hapo neno la kila kituo cha polisi likawa SMG. Ndiyo bunduki ile ya Kirusi na Kichina ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kufundishwa kuitumia kwa nusu siku. Mabasi yalipita pori la Kimisi na la Kasindaga yakiwa na askari ndani. Wafanyabiashara wa kahawa wakaacha kusafiri jioni. Hesabu mwenyewe: mzee ana gobore la kupiga mara moja, jambazi ana magazini ya risasi thelathini, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu aliyeshika baruti alikuwa mtu asiyejulikana, anayenunua gizani kwa mtu mwingine asiyejulikana.

Sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, walisaidia, na walisaidia bila bunduki. Walianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaenea hadi kwetu, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa kuwapa nguvu za kisheria. Kwetu Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, halikuwa jambo geni hata kidogo. Ilikuwa ni enduru yenye daftari na mwenyekiti. Walikosea mara nyingine, waliwapiga watu wasio na hatia, na hilo lisemwe. Lakini kijiji chenye zamu ya kweli usiku kiliibiwa mara chache kuliko kijiji chenye tajiri mmoja mwenye bunduki.

Tajiri huyo alikuwa na shotgani, bunduki ya marisau. Katika vijiji vyetu zilikuwa chache, nyingi za Kiingereza, za mtutu mmoja au mitutu miwili iliyolala sambamba. Zilimilikiwa na wenye maduka, wenye ng'ombe wengi, mapadri na wachungaji wachache, mameneja wa zamani wa machimbo ya bati ya Kyerwa. Niliwahi kusafisha moja ya mwenye duka mmoja wa Kaisho ambayo ilikuwa nzuri kuliko gari lake. Tatizo lilikuwa lile lile la Bweranyange. Risasi za zamani zilikuwa za karatasi ngumu, zinavimba kwa unyevu, haziingii kwenye chemba. Zilipokuja za plastiki tukapumua, ingawa likaja jingine: bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zilichongwa kwa risasi ya inchi mbili na nusu, na dukani ipo ya inchi mbili na robo tatu. Inaingia. Ndiyo hatari yake, inaingia vizuri kabisa, kisha ikifunguka mbele inakosa nafasi na mtutu unabeba mgandamizo ambao haukutengenezewa.

Sasa mpwa wangu, ambaye hununua kahawa Nkwenda, anataka pampu.

"Mjomba, ile ya kusukuma," aliniambia, na mkono wake ukafanya ule mwendo aliofundishwa na sinema. "Ukiikoki tu, mwizi anakimbia."

Nilimwambia kwamba mwizi wa sinema anakimbia. Wa Kyerwa huenda naye amekuja na yake.

Pampu ni ya zamani kuliko vijana wanavyofikiri. John Browning ndiye aliyeibuni Winchester ya mwaka 1897, na Wamarekani walikwenda nayo kwenye mahandaki ya Ufaransa, ikawatesa Wajerumani kiasi kwamba Septemba 1918 serikali yao ilipeleka malalamiko rasmi. Remington 870 ilitoka 1950, Mossberg 500 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hizo mbili ndizo mama wa karibu kila pampu unayoiona leo, zikiwemo za Kituruki zilizojaa sokoni kwa bei ya chini. Uzuri wake ni kwamba ni rahisi: nguvu ya mkono wako ndiyo inayotoa ganda na kuingiza risasi mpya, kwa hiyo haijali risasi dhaifu kama zile zinazojikoki zenyewe. Inabeba tano, sita. Ukiifungua unaona kila kitu.

Nilimwonyesha mambo machache ya kutazama. Mkono wa mbele uwe na vyuma viwili vinavyovuta kifungio, kushoto na kulia, maana cha upande mmoja hupinda. Angalia ndani ya mtutu kwenye mwanga wa mlango. Vidoa vyeusi ni kutu iliyokwisha kula. Kiusalama kiwe mahali ambapo kidole chako kinakifikia gizani bila kutafuta. Kipimo kiwe namba 12 na si kingine, hata kama kingine ni rahisi na cha kupendeza. Na ajue udhaifu wa pampu, ambao hauko kwenye chuma. Uko kwa mwenye nyumba. Mtu aliyeshtuka usingizini husukuma nusu. Ganda halitoki lote, risasi inayofuata inapanda juu yake, na bunduki ya milioni kadhaa inageuka rungu. Ya mitutu miwili haina ugonjwa huo. Inakupa mbili, basi, lakini inakupa zote mbili. Kwa mtu asiye na muda wa kufanya mazoezi, na wanunuzi wa kahawa hawana, mimi naichagua hiyo, yenye chemba ya kisasa, na sitabishana na wanaonicheka.

Ila hayo yote yanakuja baada ya swali la kwanza, na swali la kwanza leo halijibiwi Kafuro wala gizani. Linajibiwa na serikali. Sheria ya mwaka 1991 ilifutwa, ikaja ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Ombi lako linaanzia kijijini kwa watu wanaojua kama unalewa na kama unampiga mkeo, linapanda kata, linafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, linaendelea mkoani kwa polisi. Alama za vidole zinachukuliwa. Kibali kinataja bunduki kwa namba yake na kinakuwekea ukomo wa risasi. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliitwa kuzipeleka zikahakikiwe. Wapo wanaolalamikia mlolongo huo. Mimi, niliyetoa magobore chini ya vitanda vya watoto, ningeongeza hatua mbili: mwombaji aonyeshe kabati la chuma lililofungwa ukutani kabla hajaonyeshwa bunduki, na mke wake aulizwe peke yake, mumewe akiwa nje.

Mpwa wangu nilimpa ushauri mwingine ambao hakuupenda. Fedha ndizo zinazoita wezi, na siku hizi mkulima anaweza kulipwa kwa benki na kwa simu. Apunguze noti zinazolala Nkwenda kabla ya kuongeza mtutu unaolala nazo. Afuge mbwa wawili wasiolishwa na wageni. Aweke taa ya jua kwenye kona ya ghala. Na asikose zamu ya ulinzi ya kijiji kwa kisingizio kwamba yeye analipa mtu, maana siku akipiga enduru, watakuja wale aliowahi kutoka kwa ajili yao. Baada ya hapo, kama bado anaitaka, aanze na barua ya kijijini, na aulize duka linalouza risasi kabla ya kuuliza jina la bunduki.

Nina neno moja kwa wengine, hasa familia za Bugomora, Murongo, Kaisho na Isingiro ambazo najua, maana nilipita humo kwa miaka, kwamba kuna gobore la babu limelala darini. Kibali chake kilikufa na babu. Mjukuu akilishika hana utetezi mahakamani, na likimpasukia hana mkono. Serikali imewahi kufungua kipindi cha msamaha, mmojawapo ukiwa wa Septemba na Oktoba 2022, ambapo mwenye silaha isiyo na kibali aliipeleka kwa polisi au kwa uongozi wa eneo lake bila kushtakiwa. Kipindi kingine kikitangazwa, lifungeni kwenye gunia, mwambieni mwenyekiti wa kijiji mapema ili msikutane na doria njiani, mkalisalimishe. Kibali kile cha kwenye kopo la bati kibakizeni. Hicho ni cha kumbukumbu, na hakiui mtu.